Adalbert Atalipa

Banki za Goma zilipofunga milango, watu walilia. Adalbert alinunua meza. Akaiweka Ndosho, kando ya wachonga chukudu, zile baiskeli za mbao, akavaa kravati, akatundika kibao: BANKI YA JIRANI. Ulimuletea dola ulizoogopa kulaza chini ya godoro, yeye akakupa boni, karatasi yenye muhuri mwekundu: *Adalbert atalipa*.

Na alikuwa analipa! Wa kwanza aliwalipa kwa pesa ya wa pili, wa pili kwa pesa ya wa tatu. Mwisho watu wakachoka hata kwenda kulipwa. Boni ikanunua makala ya kupikia, ikanunua samaki sambaza, ikaingia kikapu cha sadaka na padri hakukunja uso. Pesa ni nini, ndugu yangu? Ni karatasi ambayo jirani hajaikataa bado.

Mufuko ulipojaa, Adalbert akashuka bandari ya Kituku kuulizia bei ya boti ya Bukavu. Hapo alikosea. Banki haiulizie bei ya boti.

Kesho yake akavaa kofia na miwani nyeusi, akatupa muhuri ziwani mbele ya mama waliokuwa wakiosha samaki, akaenda kupanda boti. Penye boti, mama mumoja, Kaswera, alikuwa amekaa kwenye meza, beseni miguuni.

"Tiketi moja, mama."

Kaswera akainua noti yake ya dola juani. "Hii iko na kidonda, papa."

"Kidonda wapi? Ni katundu ka sindano!"

"Ya kidonda hapana. Hauna boni ya Adalbert?"

Adalbert akashusha kofia. Nyuma yake, kwenye mustari wa tiketi, mwanamuke mumoja, Pascasie, akanyoosha boni iliyonuka samaki. Kaswera akaipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya zingine zilizojaa beseni.

"Lakini nasikia ule Adalbert alikimbia," akasema Adalbert kwa sauti ya puani.

"Njo maana zinapanda! Muhuri ulipotea, haziandikwe tena. Ya dola kumi, kule Bukavu wanatoa makumi mbili."

"Makumi mbili?"

"Papa, haukusoma? Kitu chenye hakiongezeke, bei yake njo inaongezeka."

"Mama Kaswera, niuzie beseni yote!" akalia Pascasie.

"Tulia, wewe. Papa njo wa kwanza."

Hapa ndipo aliyedanganya Ndosho nzima alipompata mutu wa mwisho wa kudanganya: yeye mwenyewe. Alijua karatasi ile aliinunua duka gani. Akaitaka hata hivyo. Akamimina mufuko wote, akabeba beseni.

"Na zenye vidonda?"

"Leta tu, papa. Nitaziuguza."

Boti iliposukumwa, Adalbert akageuka. Pascasie na wote wa mustari wa tiketi walikuwa bado pwani, wamezunguka meza, kila mutu akipokea dola zake. Kaswera alipunga kitambaa: "Safari njema, Papa Banki!"

Kijana wa boti akamugusa bega. "Nauli, papa."

"Nililipa kwa mama wa tiketi."

"Ule muuza samaki? Siye tunalipisha humu ndani."

Adalbert akatoa boni moja kwenye beseni. Kijana akaisoma polepole, herufi kwa herufi.

"Adalbert atalipa. Njo nani huyo?"

Adalbert akatazama maji. Pwani ilikuwa mbali, na hakujua kuogelea.

"Njo mimi."

"Basi lipa."