Madaraja ya Ngozi Ofisini Kwetu

Kwa niaba ya Idara, nina heshima kutangaza kwamba watumishi wote sasa wamepangwa kitaalamu kulingana na uwezo wa ngozi zao kuhimili jua. Kazi hiyo imefanywa na kamati, na mwenyekiti wa kamati ni mimi.

Yote yalianza na barua. Tangu ofisi ianze kupakwa rangi tunahudumia wananchi uani, penye turubai moja tu, nalo la wakuu. Karani wa usajili, dada mwenye ualbino, aliandika kuomba ahamishiwe kivulini kwa kuwa jua linamuunguza hadi vidonda. Niliithamini sana barua yake. Niliiweka kwenye trei, ikakaa wiki tatu.

Kisha tukamwita daktari wa ngozi. Alieleza kwamba ngozi zina aina sita: ya kwanza huungua upesi, ya sita huchelewa, ingawa hakuna isiyodhurika. Maelezo yalikuwa marefu na chai ilikuwa imeshafika. Tulichoshika ni kwamba sita ni kubwa kuliko moja.

Hapo vita vikaanza. Mhasibu alisema hawezi kuwa wa tatu ilhali dereva ni wa nne. Mimi ni mweupe wa kurithi kwa mama, na kichwani sina hata unywele wa kusingizia, lakini haiingii akilini mkuu awe wa pili. Nikajipa sita. Karani tukampa moja, na hakuna aliyebisha. Nikasaini waraka wa kila mtu kukaa uani kwa daraja lake, nikagonga muhuri mara mbili.

Jumatatu daktari alirudi, akatekeleza waraka wangu neno kwa neno. Daraja la kwanza, chini ya turubai. Daraja la sita, juani. Nilifungua mdomo nipinge, nikaiona saini yangu, nikabeba kiti changu kwenda juani.

Kufikia saa sita upara ulikuwa unawaka moto na masikio yamevimba. Niliona aibu, siwafichi, maana ndipo nilipojua yule dada alikuwa akivumilia nini wiki zote zile. Lakini aibu haikunizuia kujikongoja hadi kivulini kumwomba nafasi kidogo, hata ya kichwa tu.

Karani alimaliza kwanza kumhudumia mzee aliyekuwa mbele yake, kisha akanisukumia karatasi na kalamu.

"Andika barua, mkuu," alisema kwa upole. "Ukimaliza, kaiweke kwenye trei yako, juu ya ile yangu."