Lozi za Marehemu na Vichwa Kumi vya Ravana

Alhamisi, 5 Septemba

Hatimaye! Mzee Baijnath amejiuzulu. Miaka mingi yeye ndiye Ravana wa mtaa wetu, mfalme wa majitu, kwenye igizo la kila mwaka la mungu Rama. Sasa magoti. Eti hawezi tena kusimama na vichwa kumi shingoni. Nafasi iko wazi, na ni yangu. Hakuna mwingine Banaras nzima anayeistahili.

Kabla yake baba yangu ndiye alikuwa Ravana. Akicheka jukwaani, watoto walijificha chini ya sari za mama zao. Mimi je? Tangu nioe nimekuwa Jatayu, yule tai. Naingia, nakatwa bawa, nakufa, narudi nyumbani kabla chakula hakijapoa. Karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu aliyesoma, anavalishwa manyoya!

Nikaenda kwa Lallan Singh, mwenyekiti wa kamati, kuchukua kilicho changu. Kaniambia nitulie, Panditji (ndivyo wanavyotuita sisi wasomi), kuna mwingine kaomba. Nani? Jokhan Sahu! Muuza ladu, vitonge vya unga na sukari! Nikamkumbusha kwamba Ravana alikuwa msomi, kichwani ana Veda zote nne, vitabu vyetu vitakatifu. Jokhan anasoma bei ya sukari tu. Lallan kajibu kwamba kusoma ni jambo moja, kukumbuka ni jingine, na akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Uamuzi wake: Alhamisi ijayo kila mmoja wetu ataitoa ile hotuba ndefu ya Ravana mbele ya watu, bila wa kumnong'oneza maneno. Lazima iwe Alhamisi, kwa sababu Ijumaa inaanza nusu mwezi ya kuwakumbuka mababu waliokufa, na hapo hakuna anayeanzisha jambo jipya. Sawa. Mimi kumbukumbu yangu ni kali kama wembe.

Pia skuta yangu imeibwa! Mchana kweupe! Nimeshaandikisha polisi. Nchi hii!

Ijumaa, 6 Septemba

Skuta imepatikana. Ilikuwa sokoni, pale pale niliposimama juzi kununua biringanya. Bila shaka mwizi aliona haya akairudisha. Polisi walicheka sana, sijui walichekea nini. Mke wangu Urmila naye hakukaa kimya. "Baba Munna," kasema, "mwizi gani huyo kaiacha na biringanya zako kwenye kikapu?" Nikazipeleka biringanya jikoni. Kuna maswali hayastahili jibu.

Hotuba nimeianza. Mstari wa kwanza umekaa. Tatizo ni kwamba wa pili ukiingia, wa kwanza unatoka. Kosa si la kichwa changu, kosa ni la aliyeiandika. Mfalme gani anasema maneno mengi hivyo?

Jokhan eti tayari anaijua yote. Anaviringisha ladu huku anaitoa, na wateja wanapiga makofi! Huyu ndiye mtu anayekumbuka nani alichovya kidole kwenye sinia lake harusini kwa nani, mwaka gani. Kichwa cha namna hiyo si cha bure. Kuna kitu anakula.

Nikaenda kwa Vaidya Trilochan, mganga wetu wa mitishamba. Kanipa brahmi, lile jani la matopeni, imepikwa ndani ya samli: kijiko kimoja asubuhi kwa maziwa ya uvuguvugu. Na unga wa mzizi wa ashwagandha, unanuka farasi, chembe kidogo jioni, kutuliza mawazo. Na lozi: ziloweke, asubuhi zimenye, utafune polepole. Nikamwuliza kama nitakuwa tayari Alhamisi. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema brahmi haijui haraka, watu hula miezi ndipo waone mabadiliko, na wengine hawaoni kitu. Miezi! Anadhani ubongo wangu ni shamba la miwa? Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dawa ya miezi, ukiila yote kwa wiki, inafanya kazi kwa wiki. Mimi nimefanya kazi na hesabu maisha yangu yote.

Jumamosi, 7 Septemba

Samli ya brahmi nimeila kwa bakuli.

Siku nzima chooni. Siandiki zaidi. Niseme tu kwamba mle ndani nilikariri mistari mingi sana, maana hakuna kingine cha kufanya, lakini nilipotoka ilibaki huko huko. Nikampigia Vaidya simu kumpa vipande vyake. Kajitetea kwamba alisema kijiko. Hakusema kijiko cha ukubwa gani! Tapeli mkubwa.

Jumapili, 8 Septemba

Ugomvi mkubwa nyumbani, na sababu ni lozi.

Urmila alikuwa ameficha lozi kwenye kopo la dengu, za kutia kwenye wali wa maziwa atakaomtolea marehemu baba yangu siku yake ikifika. Mimi niliziona, nikaziloweka, nikazila. Zote. Leo kafungua kopo. Sauti yake imesikika mpaka mtaa wa pili. Kasema yeye kaolewa na karani, akavumilia tai, lakini mwizi wa chakula cha marehemu hakumtarajia. Kasema baba mkwe wake atakuja na njaa atakuta mwanawe kamtangulia kwenye sahani. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nimezila kwa ajili ya baba. Angekuwepo angenimenyea kwa mkono wake! Urmila kasema angekuwepo angenipiga kibao.

Nilikwenda kukaa juu ya paa peke yangu. Niliona uchungu, nakiri. Mwaka wa mwisho baba alikuwa hoi, hawezi hata kufunga kilemba, lakini alipopanda jukwaani na kuanza kusema, mtaa wote ulinyamaza. Nilikuwa nyuma ya pazia na manyoya yangu. Nilitaka hicho kimya. Bado nakitaka. Mara moja tu, kiwe changu.

Jumatatu, 9 Septemba

Akili imenijia! Ikiwa kichwa changu hakipandi haraka, cha Jokhan kishuke.

Bangi! Kila mtu anajua inavyofuta kumbukumbu. Nikaenda kwenye duka la bangi lenye leseni ya serikali, nikachukua iliyosagwa laini, nikaiviringisha vitonge vya kijani kwa sukari na iliki. Sasa, Jokhan si mjinga, hawezi kula kitu kutoka kwangu hivi hivi. Ndiyo maana nilivipeleka kwanza hekaluni, nikavigusisha miguuni pa mungu Shiva. Vikawa prasadi, sadaka iliyobarikiwa, na prasadi haikataliwi. Na mtu asiniambie nimemdanganya mtu. Shiva mwenyewe ni mpenzi wa bangi! Pengine alifurahi.

Jokhan alikipokea kitonge kwa mikono miwili, akakigusisha kwenye paji la uso, akakila mbele yangu. Akafumba macho. Nikamuaga kwa adabu zote. Nimelala mchana kwa amani ambayo sijawahi kuipata.

Jumanne, 10 Septemba

Laana!

Nilipita dukani kwa Jokhan asubuhi kuona uharibifu. Namkuta kasimama juu ya stuli, anaitoa hotuba nzima, hajikwai hata neno, na alipomaliza ya Ravana akaendelea na ya malkia, mke wa Ravana, kwa sauti nyembamba! Watu wamefunga njia. Aliponiona akashuka akanikumbatia kwa mikono yake ya samli. "Kaka Markandey, tonge lile la bangi umelisagisha wapi? Mimi langu nameza kila jioni tangu sijaota ndevu, lakini hilo lako, aah! Limenifungua kichwa. Huna jingine?"

Kila jioni! Tangu hajaota ndevu! Nilisahau kwamba ni mtu wa Banaras, mji unaoishi kwa bangi. Na watu wote wale wakanisifu kwa ukarimu, wakasema huyo ndiye mshindani muungwana. Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Jumatano, 11 Septemba

Nusu ya hotuba naijua. Nusu ipi, ndilo swali.

Urmila ananikagua mfukoni kila nikitoka jikoni. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi. Nimegundua kosa. Kumbukumbu ninayo, tena tele, ila mawazo yenye wasiwasi yanaifukuza. Vaidya alisema ashwagandha hutuliza mawazo. Sasa chembe kidogo jioni itamtuliza nani? Nimekoroga mfuko wote kwenye maziwa na kunywa. Inanuka zizi, lakini utulivu nilionao hausemeki. Naenda. Baba, niangalie.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimedhulumiwa. Naandika kwa mkono wa mtu aliyedhulumiwa mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyenitetea.

Jana ilikuwa hivi. Tumekusanyika uani kwa Lallan Singh. Kiti cha enzi kimewekwa. Jokhan anaingia na sinia la vileja vya lozi, anatangaza ni prasadi, katoka nayo hekaluni sasa hivi, aanze kaka Markandey.  Mimi najua watu wanafanya nini na prasadi siku hizi. Uaminifu umekwisha kabisa mji huu! Lakini macho yote kwangu, na prasadi haikataliwi. Nikachagua kile cha pembeni, kidogo kuliko vyote. Lallan alikula vitatu. Wengine wakagombania makombo.

Jokhan akatangulia. Alisema yote, sawa, lakini kwa sauti ya mtu anayeita wateja.

Zamu yangu. Nikakaa kwenye kiti cha enzi ili kuingia kwenye hisia. Nikacheka kicheko cha baba. Nikasema mstari wa kwanza. Na ua wote ukanyamaza! Nilikiona kile kimya kwa macho yangu. Mtoto mmoja alianza kulia. Kiti kilikuwa laini. Nikafumba macho kidogo, kuutafuta mstari wa pili.

Nilipoyafumbua jua lilikuwa linazama, nimelowa maji, na Urmila ananipiga makofi mashavuni.

Wanasema nilikoroma mpaka njiwa wakahama paa. Wanasema walinipigia ngoma sikioni, wakanimwagia ndoo, wakapuliza lile gunda la hekalu, nami nikageuka upande wa pili nikasema nizimiwe taa. Lallan Singh alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kasema kamati imehangaika miaka na miaka kupata mtu wa kuigiza Kumbhakarna, yule ndugu yake Ravana anayelala miezi hata vita ikija aamshwe na jeshi zima, na kumbe mtu tulikuwa naye, tumemvisha manyoya. Wakapiga kura papo hapo. Wote wakaniunga mkono. Mikono yote juu, na wa Urmila ukiwemo!

Ravana ni Jokhan Sahu.

Nikasimama, nikasema wazi: nimetiliwa dawa! Lallan kauliza mbona sinia lilikuwa moja na hakuna mwingine aliyepiga hata mwayo. Ndipo uone ujanja wake Jokhan! Wakamwita Vaidya. Kaniuliza ashwagandha nimekunywa kiasi gani. Nikasema kiasi cha kawaida. Urmila akatoa mfuko mtupu kwenye pindo la sari, akaukung'uta mbele ya watu. Mke wa mtu! Vaidya kasema nishukuru nimeamka, na kwamba asinione dukani kwake mpaka nijifunze maana ya neno kidogo.

Njiani kurudi Urmila alinikamua maji kwenye shati. Halafu kasema kwamba ule mstari wa kwanza, kabla sijalala, alifikiri baba mkwe karudi. Alijifunika ushungi bila kujua, kama alivyomstahi enzi zile. Naliandika hilo kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimelifikiria jambo hili kwa kichwa kilichotulia na sasa naliona vizuri. Kumbhakarna ni mtu mkubwa. Anaingia amebebwa na watu wanane! Na maneno yake ni sentensi tatu, ambazo nimeshazikariri zote. Mbili ninazo sasa hivi. Ya tatu nilikuwa nayo wakati wa chai.

Lakini hebu tufikirie. Usiku wa igizo, Ravana akisinzia jukwaani, nani atachukua upanga? Mdogo wake. Nani mwingine? Ni haki ya ukoo.

Vaidya kanifungia mlango, lakini kuna duka jingine la dawa nyuma ya soko la hariri, na mwenye duka hana maswali mengi. Nimerudi na mifuko miwili ya ashwagandha. Nimeichanganya na lozi zilizosagwa, sukari na zafarani, nimeviringisha vitonge vizuri kuliko vya Jokhan mwenyewe. Vya leo ni vya majaribio, tuone analala haraka kiasi gani. Vitapita hekaluni kwanza, bila shaka. Mimi si mtu wa njia za mkato.

Ladha tu ndiyo ilinitia wasiwasi. Muuza ladu ana ulimi mkali, ataigundua harufu ya farasi. Nikaonja kimoja. Lozi zimeifunika vizuri. Nikaonja kingine, maana cha kwanza huenda kilipata zafarani nyingi. Hicho nacho ni kizuri. Sasa nina utulivu wa ajabu, kila kitu kinakwenda kama nilivyopanga. Ngoja nikae hapa kitandani nionje cha mwisho, kisha nivipeleke.