Taa ya Vifaranga wa Mama

Jumatatu, 7 Julai 2025

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno moja. Hasa Mama. Hasa Mokua.

Tumbo limeanza tena. Damu kidogo. Daktari Celestine alinieleza zamani: askari wa mwili wangu wamepotoka, wanaushambulia utumbo wangu mwenyewe kama adui. Vidonge huwatuliza. Lakini vidonge vya maisha yote!

Leo nikitoka chooni kwa mara nyingine, Mokua, karani mwenzangu hapa ofisi ya chai Kebirigo, akaniuliza mbele ya wakulima kama nimehamia huko, aniletee mhuri. Walicheka. Nikacheka pia. Nilitaka kufa.

Jioni nikasoma kwenye simu. Wanasayansi wamewaangazia kwa taa nyekundu panya wenye utumbo uliovimba, askari wakapoa. Taa nyekundu! Najua ilipo.

Jumatano, 9 Julai

Mama ana vifaranga jikoni, ndani ya boksi, chini ya taa nyekundu ya kuwapa joto. Anawatazama kuliko alivyotutazama mimi na dada yangu Linda. Ningemwomba taa, lakini angeuliza ya nini. Kwetu kuna chinsoni, miiko ya heshima: mwana aliyetahiriwa hamsimulii mama yake mambo ya choo. Heri kuazima kimya.

Alipokwenda maombi ya mkesha nikaifungua balbu, nikavuka ua hadi nyumba yangu. Sasa nimelala chali, shati juu. Vidonge nimeviacha, ili nijue taa inafanya kazi peke yake. Msomi hajaribu mambo ovyo. Nitairudisha kabla hajafika.

Alhamisi, 10 Julai

Nililala! Hadi alfajiri! Tumbo jekundu kama nyanya.

Nikakimbia jikoni. Baridi ya huku kwetu Manga ilikuwa imemaliza kazi. Vifaranga wamelundikana pembeni, wa chini wamekufa. Mama alikuwa amewafunga waliobaki ndani ya leso, kifuani, akiwapulizia pumzi yake. Nikasema stima ilipotea. Akauliza, bila kuinua macho, kama siku hizi stima ikipotea inaondoka na balbu.

Nikarudi nyumba yangu. Aliwazika migombani peke yake. Nilisimama dirishani nikitazama, mwoga mimi.

Damu imezidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nyamira, kwa Daktari Celestine. Akaangalia tumbo, akauliza ni nani amenibanika. Nikakiri yote. Akasema wale panya walipewa mwanga maalumu, uliopimwa, na hata hivyo ni panya. Hii yangu ni taa ya kuku, inaoka ngozi tu. Nimeze vidonge leo hii. Nikaahidi.

Nilirudi na nia ya kutubu. Jikoni hakuna boksi! Linda akasema Mama amewahamishia vifaranga chumbani kwake. Chumba ambacho mwana mkubwa haingii kamwe. Kumbe anamjua mwizi. Tena Linda alikuwa ametumwa: Mama anasema yule mtu wa nyumba ile ameze dawa zake.

Basi alijua hata ugonjwa. Ule uji laini anaoniwekea mlangoni kila asubuhi, na mimi nikinung'unika kwamba hauna sukari, kumbe ulikuwa uji wa mgonjwa.

Jumapili, 13 Julai

Jana, Sabato, nililia kanisani katikati ya wimbo. Mzee Ongeri akanishika bega, akadhani ni Roho. Vifaranga nawasikia kupitia dirisha la Mama. Msamaha bado sijaomba. Nilifika hadi mlangoni, nikasalimia, nikauliza habari za mvua.

Lakini nimefikiri sana. Kosa lilikuwa joto, si mwanga! Kwaya imenunua taa za kurekodia video. Moja ni nyekundu, na haichomi hata kidogo. Ziko stoo ya kanisa, na leo alasiri hakuna mtu. Vidonge vya jana nilivimeza. Vya leo viko mfukoni, ili jaribio liwe safi.

Ukitaka kunipata, panda njia ya miguu ya Manga hadi kanisani, zunguka nyuma. Usiite jina langu, Mokua ana masikio kila mahali. Gonga mlango wa stoo polepole. Nisipojibu, mtume Linda kwa Mama. Hatauliza kitu. Atajua.