X ya Mama Maggie

Dismas Kyengo hakuwa na kazi, hakuwa na kiwanja, hakuwa na mke, wala hakuwa na ruhusa ya kuonekana tena Eneo la Viwanda Thika, ambako vijana kadhaa walikuwa bado wanangojea ajira alizowauzia. Aibu pia hakuwa nayo, lakini hatuwezi kusema aliipoteza, maana hakuzaliwa nayo. Alichokuwa nacho ni kofia ngumu ya mjengo, mkebe wa rangi nyekundu ya maji, na soksi yenye akiba yake yote. Hata tapeli hutamani siku moja kufunga mlango ulio wake.

Siku aliyoingia Gatongora, aliona nyumba ya mjane mmoja, Mama Maggie. Mama huyo alikuwa ameongeza chumba kikasukumwa mpaka kikagusa ua wa jirani yake, Mzee Gachau, na dirisha lake likachungulia ndani ya banda la kuku la mzee. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mbichi, mweupe kama yai. Mama alipotoka kwenda sokoni, Dismas alichora juu yake X kubwa, ile ambayo kila Mkenya huisoma bila kwenda shule: hapa tingatinga litapita.

Mchana akarudi, kofia kichwani.

"Mama, habari. Mimi ni afisa wa mipaka. Hiki chumba kimemkaba jirani koo. Sheria inataka uache nafasi kati ya ukuta na mpaka, na dirisha lisimwangalie mtu kwake."

"Ngai! Si linaangalia kuku tu?"

"Hata kuku wana siri zao, mama."

Alingoja mkono wa mama uingie mfukoni, kama ilivyo desturi ya mazungumzo hayo. Badala yake Mama Maggie alikalia ndoo, akajifuta macho kwa leso.

"Afisa, sina kitu. Na kesi za kaunti siziwezi, presha itaniua. Afadhali niuze hiki chumba na hako kakipande ka ploti kwa bei ya mabati, niende kwa dada yangu Mugutha. Lakini nani atanunua X?"

Dismas alimeza mate. Maishani mwake hakuwahi kuona mtu akiogopa vizuri namna hiyo. Tena X yenyewe ilikuwa yake. Angeifuta kwa brashi ileile.

"Kwa huruma tu, mama, nitanunua mimi."

"Na X?"

"Mambo ya ofisini niachie."

Waliandikiana jioni hiyo. Shahidi alikuwa Mzee Gachau, aliyekohoa muda wote kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa kuku. Soksi ikarudia kazi yake ya kuvaliwa. Dismas akapaka chokaa juu ya X yake, akafunga mlango wake, akalala usingizi wa mwenye nyumba.

Alfajiri mvua ilinyesha bila adabu. Kulipokucha, chokaa yote ilikuwa imeteremka chini kama maziwa, na rangi ya Dismas imeondoka nayo. Ukutani ilibaki X nyingine, kubwa zaidi, ya rangi ya mafuta, na chini yake neno moja: BOMOA.

"Mama Maggie! Ukutani kuna X!"

"Si ni ile ya jana?"

"Hapana! Hii si yangu!"

Mama Maggie aliweka kikombe cha chai chini, polepole.

"Kwani yako ilikuwa gani, bwana afisa?"

Upande wa pili wa ua, Mzee Gachau, aliyekwenda mwenyewe kaunti kumshtaki jirani yake mpaka maafisa wakachora ile X ya mafuta, hatimaye aliachilia kicheko chake. Kuku wakatawanyika.

"Uliifunika kwa chokaa!" Dismas alilia. "Na si ulisema unahamia kwa dada yako Mugutha?"

"Dada hayuko."

"Ameenda wapi?"

"Hajazaliwa."

Kisha Mama Maggie akaomba kalamu, akaiandikia kaunti kwa mwandiko mzuri:

"Kwa heshima, chumba mlichokiwekea alama sasa ni mali ya Bwana Dismas Kyengo. Anapatikana hapo hapo. Sheria za mipaka anazijua vizuri sana, msijisumbue kumweleza."

Akalamba bahasha, akaibana kwa ngumi.

"Mzee Gachau, unashuka ofisini kwao Ruiru leo?"

Mzee alikuwa amekwisha vaa kofia. Akapokea bahasha juu ya ua, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na kwenda.