Pikapu Nyeupe ya Galu

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Mkutano wa ushirika hapa Lukore. Harambee imetimia, tutanunua pikapu. Machungwa yameanza kuiva, na hoteli mpya ya Galu iko tayari kuyanunua kwa sharti moja: tuyapeleke wenyewe kila Jumamosi, yakiwa mazima. Jumamosi ya wiki ijayo tutajaribiwa. Tukishindwa, meneja atanunua kwingine, na sisi tutakula machungwa yetu mpaka midomo ibabuke.

Imeundwa kamati ya kuchagua gari, chini ya mwenyekiti wetu Mzee Sefu. Yumo Mama Jumwa, mkunga, mwenye miti mingi kuliko sisi sote. Yumo Wambua, Mkamba aliyepewa shamba kwenye makazi mapya, mwenye maoni mengi kuliko miti. Na mimi, Kenga, katibu.

Wambua akasimama. Akasema kabla ya kutazama gari lolote tujiulize litabeba nini, litapita njia gani, na likiharibika nani atalitengeneza. Nikasimama baada yake. Nikasema tujiulize kwanza watu watatuonaje. Tumepata uhuru. Hatuwezi kuingia hotelini na kitu cha aibu. Kimya. Nilihesabu kimya kile kuwa ni kuungwa mkono.

Dereva bado hajateuliwa. Sikujitaja. Lakini jioni nilikaa kitini mbele ya kioo cha mke wangu, mkono mmoja ukining'inia nje kama wafanyavyo madereva. Kache akaniuliza kama mkono unauma.

Jumatano, 4 Agosti

Galu. Mzungu mmoja anarudi kwao na anauza kila kitu: vitanda, kasuku, pikapu. Nimeiona pikapu. Sijui nianzie wapi. Nyeupe kama tui. Viti vyekundu vya ngozi. Redio. Bodi ya nyuma ni mbao zilizopigwa vanishi mpaka unajiona uso. Niliomba kukaa ndani. Nilikaa. Niliambiwa nishuke. Niliomba tena.

Wambua hakuomba kukaa. Alilala mchangani, akaingia uvunguni kama mtu anayetafuta kuku, akatoka na mchanga masikioni. Akasema springi ni laini mno na tumbo la gari liko karibu na ardhi. Akamwuliza Mzungu gari hili lilikuwa likibeba nini. Mzungu akasema mishipi yake ya kuvulia, na mbwa.

Nikamwambia Wambua springi laini ndizo zinazofaa, kwa sababu chungwa nalo lina mwili. Mama Jumwa akacheka. Namhesabu upande wangu.

Ijumaa, 6 Agosti

Magari mawili leo. La kwanza liko Ukunda, dogo, injini yake iko nyuma chini ya mzigo. Mama Jumwa aliweka kiganja juu ya bodi, akakiondoa upesi. Akasema tumekuja kuuza machungwa, si kuyachemsha. Tukashukuru, tukaondoka.

La pili liko Tiwi, kwa bwana mwenye machimbo ya mawe. La kijivu. Refu kama jukwaa, ilibidi Mama Jumwa akanyage ndoo ndipo apande. Mlango mmoja umefungwa kwa waya. Kiti ni gunia. Linanuka beberu. Wambua alilizunguka akitabasamu kama aliyekutana na ndugu yake wa siku nyingi. Springi zake ni nene kama mkono wangu. Akauliza vipuri vinapatikana wapi. Mwenyewe akasema popote, kwa sababu magari ya namna hii yamekufa kila mahali. Wambua akazungusha hendeli ya kuwashia. Likaitika hapo hapo.

Hali mbaya. Nikamvuta Mama Jumwa kando, nikamnong'oneza kwamba gari lile limewahi kubeba maiti. Akauliza kama zilifika. Nikasema nadhani zilifika. Akasema basi ni gari la kutegemewa.

Simhesabu tena upande wangu.

Jumapili, 8 Agosti

Kamati imegawanyika. Mimi nataka nyeupe, Wambua na Mama Jumwa wanataka la kijivu. Nilipiga kelele za kutosha, na Mzee Sefu hapendi kelele. Akaamua magari yote mawili yaazimwe Jumamosi. Yapakiwe machungwa sawasawa, yateremke kutoka Lukore mpaka Galu. Litakalofikisha mzigo vizuri ndilo litakalonunuliwa.

Wambua ataendesha la kijivu, kwa kuwa aliwahi kuendesha lori la watengeneza barabara. Nikasema nyeupe nitaiendesha mimi. Mzee Sefu akanitazama kwa upole wake.

"Mwanangu Kenga, unajua kuendesha?"

Nikamwambia nimeendesha kwenye mashamba ya miwa huko Ramisi. Ni kweli. Trekta. Kwenda mbele tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nina mpango. Nimejitolea kushona magunia yote, nikiwa katibu. Wamenisifu kwa moyo wangu wa kujitolea. Magunia ya pikapu nyeupe nimeyashona kwa uzi mwekundu. Ya gari la kijivu, uzi mweusi. Na katika kila gunia la uzi mweusi, chini kabisa, nimetia mawe. Si mengi. Ya kutosha kulifanya lile jukwaa la Wambua lihangaike mlimani.

Kache alinikuta nikiyaosha. Akauliza mawe ya nini. Nikamwambia yanazuia machungwa yasibingirike. Akanitazama kidogo, akarudi kukuna nazi yake. Ningependa zaidi kama angegomba.

Jumamosi, 14 Agosti

Naandika nikiwa nimevaa leso ya Kache. Nguo zangu zote ziko kambani.

Nyeupe niliileta jana kutoka Galu. Ilizimika kila nilipobadilisha gia. Niliwaambia watu ni injini ya kistaarabu, haitaki kuharakishwa. Asubuhi kijiji kizima kilikuja. Magunia yakapakiwa, mekundu kwangu, meusi kwa Wambua. Nimeshaingia, nimeshatoa mkono dirishani, Mzee Sefu akainua bakora. Akasema ili haki itendeke, na asije mtu akalalamika baadaye, magari yabadilishane mizigo.

Ningesema nini? Nilishuka nikayasaidia mawe yangu kupanda kwenye pikapu yangu. Ilikaa chini nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa.

Hapo ndipo Kalekye, mke wa Wambua, aliposhika nguzo ya ghala na kukunja uso. Alikuja tu kumuaga mumewe. Mimba ilikuwa haijatimia sawasawa, kwa hesabu yao. Mama Jumwa akamshika tumbo, akasema mtoto hana habari na hesabu zenu, apelekwe Msambweni hospitali sasa hivi.

Wambua alisimama kama mti. Mimi nikaona mlango wa bahati umefunguka. Nikasema aingie kwangu, kiti changu ni laini, cha Wambua ni gunia. Hakuna aliyeweza kubisha. Wambua akasema, "Tangulia, Bwana Kenga. Nitakuwa nyuma yako." Mama Jumwa akapanda na mgonjwa wake, akaniamuru nishushe magunia kwanza. Nikamwambia hatuna wakati. Ukweli ni kwamba gunia la machungwa likitupwa chini halitoi mlio wa mawe.

Njia ya kuteremka sitaisahau. Kila tuta lilikwaruza tumbo la gari. Nikafungua redio ili kumliwaza Kalekye. Akaniambia neno kwa Kikamba. Mimi Kikamba sikijui. Nilielewa. Nikafunga redio, haikufungika.

Mto Mkurumudzi ulikuwa na maji machache. Mtu angevuka bila kupandisha suruali juu ya magoti. Lakini pikapu nyeupe si mtu. Katikati ya kivuko tumbo lilikaa juu ya jiwe. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Maji yakaingia taratibu chini ya mlango, yakapanda kwenye viti vyekundu. Redio ikaendelea kuimba.

Kalekye akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu za mtu anayezama. Akasema, kwa Kiswahili safi safari hii, "Baba, mtoto anakuja." Wakati ule sikufikiria gari, wala hoteli, wala nani ataendesha. Niliogopa mpaka nilipomwita Wambua nikasema "Mama!"

La kijivu likaja likinguruma. Likaingia majini kama linaingia sebuleni. Wambua akaruka, akamshika mkewe mabega, mimi nimeshika miguu, Mama Jumwa anatuamuru kama askari. Tukamlaza juu ya magunia matupu, chini ya turubai, kando ya machungwa. Nikaomba niende nao. Mama Jumwa akasema nimesaidia vya kutosha. Wakapanda ukingo wa pili bila kuteleza.

Nikabaki mtoni na Mzee Sefu, aliyekuwa amepanda na Wambua na akateremka ili kuwaachia nafasi. Watu wakaja kutoka kijijini kusukuma. Wakasema kwanza mzigo utolewe. Nikasema hapana haja. Wakautoa. Gunia la kwanza likapasuka kwenye mwamba.

Mzee Sefu akainama akaokota jiwe. Akalifuta maji. Akalinusa.

"Mwanangu Kenga, hili ni chungwa la aina gani?"

Nikasema labda halijaiva.

Jumatatu, 16 Agosti

Habari zote zimefika. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika barabara kuu. Mama Jumwa alimpokea chini ya turubai, Wambua akiendesha huku analia. Ni msichana. Wauguzi wa Msambweni wamewatazama wote wawili, ni wazima. Wambua alitaka kukaa nao, Kalekye akamfukuza, akamwambia machungwa yako juani.

Kwa hiyo alifika Galu alasiri, amechelewa, shati lina damu. Meneja akatoka amekasirika. Mama Jumwa akamweleza. Meneja akaita wapishi, wakapakua wenyewe. Hakuna chungwa lililobonyea. Wameyachukua yote na wanataka mengine Jumamosi.

Kamati ilikutana leo. Gari la kijivu limechaguliwa bila mjadala. Dereva ni Wambua. Kuhusu mawe, Mama Jumwa alitaka nitolewe kwenye ushirika siku hiyo hiyo. Alisema, na hakucheka hata kidogo, kwamba mzigo ule ungeweza kuua watu wawili. Mzee Sefu akasema nikitolewa nitakuwa mahali wasikoniona. Afadhali nibaki ndani, karibu na macho ya watu. Kuanzia leo mimi ni mpakiaji. Kila gunia litafunguliwa mbele ya Mama Jumwa kabla sijalishona.

Pikapu nyeupe imerudi Galu ikivutwa na la kijivu. Mzungu hakugomba. Alitoa samaki mdogo chini ya kiti, akaniuliza kama ni wangu. Tumekubaliana niivue viti, niikaushe, niipige vanishi upya, kisha nimfungie mizigo yake yote. Kasuku amenichukia.

Jumatano, 18 Agosti

Wambua alikuja nyumbani na kibuyu cha asali. Nilimwona kwa mbali, nikaingia nyuma ya banda la kuku. Kache akampokea, akamkaribisha, akamwonyesha banda.

Wambua akakaa juu ya kinu. Akasema habari za mawe amezisikia. Nikangoja. Akasema siku ile miguu yake ilikufa ganzi, hakujua la kufanya, na mimi ndiye niliyesema twende. "Hata kama ulikwama, Bwana Kenga, ulikuwa umeondoka. Nami nikapata kukufuata."

Nikamwambia anisamehe kwa mawe. Neno lilitoka lenyewe, sikulipanga. Akasema yamekwisha. Akaongeza kuwa yalikuwa yamepakiwa vizuri.

Mtoto wamemwita Nzilani. Kwao ndilo jina la msichana aliyezaliwa njiani. Nikauliza kama hawakufikiria pia jina la Kenga. Akasema ni msichana. Nikasema hata hivyo. Akacheka mpaka kuku wakatoka.

Tulikula asali kwa vidole, sisi watatu. Kache alisema sijawahi kukaa muda mrefu hivyo bila kupanga jambo. Nilifurahi kusifiwa. Nimeamua kuwa mtu mwingine.

Ijumaa, 27 Agosti

Hoteli sasa inataka na maziwa. Ushirika utanunua ng'ombe, na kamati ni ile ile. Wambua amekwisha simama na maswali yake: anatoa maziwa kiasi gani, anakula nini, anastahimili mbung'o au hastahimili. Nikamwacha aseme.

Mimi nimekwenda Msambweni kimya kimya na nimempata. Mweupe uso mzima, masikio kama ya paa, pembe zimepinda vizuri utadhani zimefinyangwa. Akitembea anaweka miguu kama bibi harusi. Akiingia pale hotelini, wageni wote watatoka kumtazama.

Kamati itakwenda kumkagua Jumatatu, na watataka akamuliwe mbele yao. Nimeshapatana na mwenyewe. Kuanzia Jumamosi hatamkamua kabisa, ili Jumatatu kiwele kiwe kimejaa mpaka kinagusa majani. Nilimwuliza kwa kawaida anatoa kiasi gani. Akaanza kuniambia, lakini ng'ombe aligeuza kichwa akanitazama kwa macho yale, na sikusikia jibu.