Ombi la Askari wa Mlangoni Kumjibu Mfalme

Ndugu Mkurugenzi wa Kikundi,

Mkata tiketi alitangaza jana jioni kwamba mchezo wetu utaendelea kuonyeshwa mwezi mzima zaidi. Sababu, kwa maelezo yake, ni yale maneno anayosema mfalme akiwa peke yake jukwaani, anapojiuliza aendelee kuubeba mzigo wa kuishi au autue. Watu wanayataka. Mimi ndiye askari ninayesimama nyuma ya mlango wakati huo, na nina malalamiko.

1. Swali halijibiwi. Mfalme anauliza, anazunguka kiti, anauliza tena. Mlango wetu ni wa mbao nyembamba na nasikia kila neno. Askari anayemsikia bosi wake akitaka kufa, naye akaendelea kujikuna mgongo, huyo ni wa kufukuzwa kazi.

2. Maneno yenyewe yamezoeleka mno. Ukumbini watu humtangulia mfalme kuyasema. Fundi cherehani huyasema kabla ya kukata kitambaa, na muuza mayai huyasema akinichagulia trei. Ikiwa kila mtu anayo nyumbani, sioni kwa nini tumuuzie tena.

3. Hili ndilo linaloniuma. Yakiisha, makofi yanalipuka, na hapo ndipo ninapoingia na kusema, "Mtukufu, farasi yuko tayari." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Hakuna aliyewahi kuyasikia. Mama mkwe, ambaye nilimwapia kwamba mimi ni mwigizaji, alikuja juma lililopita, akakaa safu ya mbele, akafumba macho kama aliyesinzia. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Pole baba, kumbe leo walikupumzisha." Mke wangu alicheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, niruhusiwe kuingia mfalme akiuliza mara ya kwanza tu, nimjibu: "Ishi, Mtukufu, farasi yuko tayari." Swali litakuwa limekwisha. Vita vya sehemu ya tatu havitakuwa na sababu, majeneza mawili tutamrudishia seremala, na watazamaji watawahi kulala.

Nisalimie fundi taa, mama wa mavazi, na mfalme mwenyewe, ambaye nasikia kikohozi kimempungua.

Wako mtiifu,
Askari wa Mlangoni

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mama mkwe barua hii. Akasema, "Nani kakwambia nilisinzia? Nilikuwa namjibu mfalme. Tangu mzee afariki najiuliza hilohilo kila asubuhi, na kila asubuhi najijibu mwenyewe, ndipo nabandika chai. Huyo askari wako akijitia kunijibia, nitadai nauli yangu."

Basi ombi langu naliondoa. Anakuja tena Ijumaa, saa moja jioni. Tafadhali mwekee kiti kilekile. Ameahidi kwamba safari hii, akishamaliza na mfalme, atafumbua macho asikilize na habari za farasi.