Kiti Kinachojulikana

Fundi wa zamu hakuwa na digrii, hakuwa na tai, hakuwa na ndugu makao makuu, wala hakuwa na kiti. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Kwa hiyo shirika la ndege lilipotangaza, kwa keki na vipaza sauti, kwamba ndege zake zote sasa hazina kasoro hata moja, yeye hakuwa na sifa za kubisha.

Mafanikio hayo yaliletwa na Kamati ya Kudhibiti Kasoro Ndogo Ndogo. Kamati iligundua kwamba kasoro ni jambo lisilojulikana. Likishajulikana, linakuwa taarifa. Basi kila kilicholegea katika chumba cha marubani kikabandikwa karatasi ya njano iliyoandikwa INAJULIKANA. Taa ya onyo iliyowaka ovyo ilijulikana. Swichi mbili zilizofanana kama pacha, moja ya taa za abiria na nyingine ya kuzima pampu ya mafuta, zilijulikana. Mwishowe karatasi zikaziba mita ya mwendo, na jambo hilo nalo likabandikwa karatasi.

Kikabaki kiti cha kushoto, cha rubani. Pini yake ilikuwa imelika, na ndege ikikaza mwendo kiti kilirudi nyuma pamoja na mwenyewe, mikono ikauacha usukani. Aliyelalamika kwanza alikuwa binti wa fundi, naye rubani. Kamati ilichunguza siku nne, ikakibandika karatasi, ikaamua kwamba kiti ni kizima, mwenye hitilafu ni mkaaji. Ikatunga Kanuni ya Tisa: atakayeteleza na kiti asipande ndege yoyote, hata kama abiria, mpaka amalize Kozi ya Ukaaji, wiki tatu.

Binti alisoma, akafaulu kwa alama tisini na sita, akarudi kazini, akateleza tena.

"Baba, safari hii usukani niliunasa kwa kucha," alimwambia. "Na abiria mia na ishirini nyuma yangu."

"Umewaandikia?"

"Niandike nirudishwe darasani?"

Jumamosi binti alikuwa anaruka tena na ndege hiyohiyo. Ijumaa fundi alitakiwa kusaini kwamba ni salama. Pini mpya ilikuwepo stoo, ameiona kwa macho yake, lakini stoo haikutoa kipuri kwa kitu kisicho na kasoro. Fundi akakataa kusaini, akakaa kwenye ndoo yake kungoja barua ya kufukuzwa.

Badala ya barua akaja Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, na wapambe, na mpiga picha. Jumapili angesafiri nje kupokea nishani ya shirika lisilo na kasoro, na alitaka picha akiwa kwenye kiti cha rubani, trekta likiivuta ndege kutoka bandani.

"Mzee wangu, nasikia umegoma."

"Kiti kinateleza, mheshimiwa."

"Kina karatasi?"

"Kinayo."

"Sasa shida iko wapi? Mtu umekalia ndoo maisha yako yote, mambo ya viti utayajulia wapi?"

Wapambe walicheka kwa kufuata vyeo. Mkurugenzi akaketi, akaweka tabasamu sawa. Trekta likavuta.

Kiti kilifanya kama kilivyojulikana. Mkurugenzi alirudi nyuma mpaka ukutani, viatu vikatazama dari, na mkono uliotafuta pa kushika ukaibuka na karatasi tano za njano. Mpiga picha, mtu wa kazi yake, alipiga picha saba.

"Hili halikutokea," Mkurugenzi alisema, akitafuta kiatu.

"Limeshajulikana, mheshimiwa," fundi alijibu kwa adabu.

Kanuni ya Tisa haikutaja vyeo. Ilitaja tu kwamba barua ya kumwita aliyeteleza huandikwa na fundi wa zamu. Akarudi kwenye ndoo, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: unaitwa kwenye Kozi ya Ukaaji, wiki tatu kuanzia Jumatatu, na kabla ya hapo hutapanda ndege, ikiwemo ile ya Jumapili, isipokuwa uthibitishe kwa saini, leo, kwamba mwenye hitilafu ni kiti. Chini akachora visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha kozi, kingine cha kiti. Akaambatanisha picha moja, ile ya viatu, na fomu ya stoo ya kuomba pini, iliyojazwa tayari kasoro saini.

Akalamba bahasha, akaikandamiza kwa dole gumba, akaigonga muhuri, akamkabidhi tarishi.

"Mpe mkononi, dada, umngoje hapohapo," alisema. "Wala usikae."